Semina Iliyoangukia Bamvua

Saa tatu na robo asubuhi, ndani ya ukumbi wa skuli kule Jambiani, tulikuwa watu wanne tu: mimi, mwalimu wa semina, dereva na kijana wa projekta. Viti 35 tulikuwa tumevipanga nusu duara. Chupa nne kubwa za chai zilikuwa mezani, na sinia la maandazi limefunikwa kawa. Ukutani, karatasi kubwa imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: KARIBUNI. TUSIMULIE KAZI YETU.

Hakuja mtu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba 2017, mwezi ndiyo kwanza umeandama. Ninautaja mwezi kwa sababu ndiyo kisa chenyewe, na kwa sababu mimi, mtoto wa kijiji kile, sikuutazama.

Shirika letu lilikuwa dogo, na kwa miaka sita lilikuwa likifanya kazi na wanawake wanaolima mwani upande wa Kusini Unguja. Miaka yote sita kila shilingi iliyoingia ilikuwa na kazi yake inayoshikika: kamba, taitai za kufungia mbegu, vichanja vya kuanikia, magunia. Mwaka ule tukapata ruzuku ya namna nyingine. Taasisi moja ya nje ilitupa fedha za mawasiliano, basi. Tulipe mwalimu wa kutufundisha kusimulia, tununue kinasa sauti na kamera, tulipie vipindi vya redio, tuandike kitabu kidogo cha simulizi za wakulima.

Ofisini hatukuipokea kwa moyo mmoja. Mwenzangu wa shambani, aliyezijua kamba zilizooza kwa hesabu, alisema mbele ya kikao kizima: "Mtu analilia kamba, wewe unampa kipaza sauti?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichokijua ni kwamba taasisi kubwa zilikuwa zimeanza kubadilika. Ford Foundation, walio na ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, walikuwa wametenga dola bilioni 1 katika mpango wao wa BUILD kuziimarisha asasi zenyewe badala ya kulipia mradi mmoja mmoja. Nilijua pia kwamba sisi wenyewe, tuliojifunza kuandika maombi kwa kufuata fomu za Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, tulikuwa mahodari wa kuomba na wazito wa kueleza. Tukishaipata fedha, kazi ikifanyika, tulikuwa tunaandika ripoti ambayo hata aliyeifanya kazi hiyo asingejitambua ndani yake.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tanga, amefanya kazi ya redio zaidi ya nusu ya maisha yake. Siku ya kwanza ofisini nilimpa ripoti ya mwaka uliopita. Akaisoma ukurasa wa pili kwa sauti: "Jumla ya wanufaika 142, wote wanawake, walijengewa uwezo katika kilimo bora cha mwani na mnyororo wa thamani." Akaiweka mezani. Akaniuliza, kwa upole kabisa, hao 142 wakiamka asubuhi wanafanya nini kwanza.

Nikamwambia wanashiriki shughuli za uzalishaji.

Mama yangu ni mmoja wa wale 142. Mwani ndio ulionivisha sare ya skuli, ndio ulioezeka bati nyumba niliyolala. Na bado jibu lililonitoka ndilo hilo. Mwalimu hakunicheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema twende kwao tukawaulize. Nami nikaipanga semina, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, kwa kufuata jedwali la utekelezaji tulilolituma kwa mfadhili. Jedwali lile lilikuwa na safu ya robo mwaka, safu ya mwezi, safu ya wiki. Safu ya maji haikuwamo.

Saa tatu na nusu mzee anayetunza funguo za skuli alichungulia mlangoni. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akavitazama viti. "Leo si bamvua? Nani atakaa ndani leo?"

Kwa aliyekulia bara, nieleze kidogo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati yake yapo maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu. Kwetu Unguja, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na upande wa mashariki pwani hukauka hadi karibu na mwamba ambako mawimbi yanavunjikia. Hizo ndizo saa za mkulima wa mwani. Ndipo mashamba yanapofikika kwa miguu, ndipo mbegu zinapofungwa, mwani unapovunwa, vigingi vilivyong'oka vinaporudishiwa. Siku zikipita, mpaka bamvua lijalo, wiki mbili mbele. Mbegu ikifungwa leo huvunwa baada ya wiki sita hivi. Wao hawasemi wiki sita. Wanasema mabamvua matatu.

Nami nilikuwa nimewaita wanawake hao waje kukaa kwenye viti saa ileile bahari inapowafungulia mlango.

Nilitamani mwalimu akasirike. Ingekuwa nafuu kwangu. Alivua viatu akaviweka chini ya meza, akakunja suruali mpaka magotini, akakitia kinasa sauti ndani ya mfuko wa plastiki. "Basi semina iko huko," akasema. Dereva akachukua chupa mbili za chai, mimi nikajitwika sinia la maandazi, tukashuka pwani.

Kutoka mchangani hadi mashambani ni mwendo, na si mwendo wa mtu aliyezoea lami. Unakanyaga tope, unakanyaga majani ya baharini, unakwepa miba. Kwa mbali wanawake walionekana kama vitone vya rangi, kanga za kila namna, wameinama mistari mistari. Nilimjua Mama kabla sijauona uso wake, kwa anavyoinama: hakunji magoti, anakunja kiuno, mkono wa kushoto umeshika kamba, wa kulia unafunga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hilo sinia umekuja kuuza maandazi baharini?" Kisha akamwona mgeni, akanyooka, akaishusha kanga yake vizuri. "Karibu, baba. Samahani hatukuja skuli. Maji hayangoji."

Mwalimu hakuanza na swali. Aliomba afundishwe kufunga. Mama akampa kamba na mbegu, vichane vya mwani vya ukubwa wa ngumi, akamwonyesha: taitai inapita hivi, unaifunga fundo moja, unaacha nafasi ya kiganja, unaendelea. Mwalimu akafunga ya kwanza. Mama akaifungua.

"Umeukaza. Ukiukaza unaukata shingo. Ukiulegeza, wimbi linauchukua."

Akafunga ya pili, ya tatu. Ya nne Mama hakuifungua. Hapo ndipo mwalimu alipouliza kama anaruhusiwa kuwasha kinasa sauti. Mama akauliza sauti itakwenda wapi. Akajibiwa: kwanza utaisikia mwenyewe, kisha utasema iende au isiende. Akasema haya, washa, lakini mikono haisimami.

Nilisimama maji yakiwa vifundoni, nikamsikiliza mama yangu akieleza mambo ambayo sikuwahi kumuuliza. Alisema mwani wa kulimwa ulipoingia Paje na Jambiani, mwaka 1989, wanaume waliucheka, wakauita kazi ya kuchezea majani. Yeye alianza mwaka uliofuata, na mimba. Kwamba kilo moja ya mwani mkavu unaipata kwa kuanika kilo saba, nane, hata kumi za mbichi, na zote zinatoka baharini kichwani, zinachuruzika maji ya chumvi mpaka machoni. Bei ya kilo ile kavu, siku hizo na hata leo, iko chini sana ya bei ya kilo ya mchele. Mwalimu akamuuliza, pamoja na hayo yote, fedha ya kwanza aliinunulia nini.

Nilidhani atasema sare yangu. Maisha yangu yote nimejua kwamba ni sare yangu.

"Mlango," akasema. "Mlango wa mbao wenye kufuli. Tulikuwa na pazia la makuti. Nikasema, mimi nitakuwa na kitu changu ndani, na funguo nitafunga hapa." Akagusa pindo la kanga kiunoni, kwa mkono uleule uliokuwa unashika taitai.

Ule mlango ninaujua. Nimeufungua na kuufunga utoto wangu wote. Miaka sita nimeandika ripoti kuhusu "uwezeshaji wa wanawake kiuchumi", na mlango ule uko hatua chache kutoka ukumbi tuliopanga viti.

Wenzake wakasogea mmoja mmoja, wengine kwa ajili ya chai, wengine kwa ajili ya kusikia. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, alieleza jinsi kotonii ilivyowafia. Kotonii ndiyo mwani mnene, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, aina nyingine ya mwani inayolimwa kwetu. Alisema ulianza kuwa mweupe nchani kama kidole kilichokaa sana majini, kisha ukakatika vipande mikononi mwao, bamvua baada ya bamvua, maana maji yamekuwa ya moto. Wataalamu wanawaambia kotonii itaishi maji ya kina kirefu, yaliyopoa. "Sawa," akasema bibi, "na mimi nitaishi wapi? Sijui kuogelea." Katika ripoti zetu jambo hilohilo tulikuwa tumeliandika hivi: changamoto ya mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli, lakini aliyesoma hakujua kwamba kinachotakiwa ni chombo cha kuwafikisha watu kina kirefu, na mtu wa kuwafundisha kuogelea.

Nasema wazi hapa, kwa sababu swali la mwenzangu la kamba na kipaza sauti lilikuwa la haki na linastahili jibu. Miaka yote sita tulipeleka kamba kwa sababu kamba ndiyo tuliyojua kuiombea. Fedha ya kusimulia ndiyo iliyotulazimisha kusimama majini saa mbili bila kugawa kitu, na ndani ya saa mbili hizo tukajua kinachohitajika. Hakuna bajeti nyingine tuliyowahi kuwa nayo iliyolipa mtu kusikiliza.

Karibu saa sita maji yakaanza kurudi. Unayasikia kabla ya kuyaona, kama mtu anayeburura mkeka. Wanawake wakafunga magunia, tukatoka nao. Mwalimu alijitwika gunia moja bichi, akafika nalo mchangani kanzu ya chumvi imemkauka mgongoni, akakaa chini muda mrefu bila kusema. Viti 35 vya skuli tulivirudisha mahali pake jioni. Hakuna aliyevikalia.

Usiku nililala kwa Mama. Baada ya isha nikamsikilizisha yote, kama alivyoahidiwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole shavuni. Alipofika mahali alipomtaja marehemu baba na deni la dukani, akanyoosha mkono. "Hapo patoe. Yule hayupo kujisemea." Nikapatoa mbele yake. Sehemu ya mlango aliiomba mara mbili. Kipindi kilichorushwa redioni miezi michache baadaye kilianza na mlango ule, na hakina deni la mtu.

Kisha nikafungua kompyuta nimwandikie afisa wa ruzuku. Nilikuwa na hofu, maana fedha za semina ya ukumbini zilikuwa zimekwisha kutumika na semina haikufanyika kama ilivyoandikwa. Niliueleza ukweli wote. Nikaomba jedwali letu lipangwe upya: mafunzo na kurekodi majumbani kufanyike siku za maji mafu, na siku za bamvua tuwafuate baharini, au tuwaache. Nikaomba na tarehe ya ripoti ya robo mwaka isogezwe, kwa kuwa wale ambao tungetaka wahakiki simulizi zao wangekuwa shambani.

Mama akauliza ninaandika nini mpaka sasa hivi. Nikamwambia ni barua kwa wenye fedha, nawaeleza bamvua ni nini.

"Hawalijui?"

"Hawalijui, Mama."

"Nisomee."

Nikamsomea polepole. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba kila bamvua wanawake huwa shambani kwa siku nne, akanisimamisha.

"Siku nne ni za mwenye kamba chache. Andika sita."

Nikafuta nne, nikaandika sita, nikaituma.