Kukalafati mashua bamvua likiwa kubwa

Mashua ya mbao hupwelezwa wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, kwa kuwa hapo ndipo maji hukimbia mbali na mkuku, mti mrefu wa chini kabisa ya mashua, hubaki mkavu kwa saa chache tu. Usizipoteze.

Kwangua kwanza mwani na magamba, kisha chomoa kalafati kuukuu, yaani pamba iliyozibia nyufa za mbao, kwa ncha ya patasi. Mbao ikibonyea, usiijaze pamba, ibadilishe. Chunguza hasa kandokando ya misumari: chuma kikishika kutu, mbao inayokizunguka hugeuka nyeusi na kuoza, na uvujaji huweza kuanzia hapo, si kwenye mshono wa mbao na mbao tu.

Pamba isokotwe nyembamba, iloweshwe mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, ishindiliwe tabaka kwa tabaka. Wengi hukosea hapa. Mashua iliyokaa juani wiki mbili mbao zake zimesinyaa, nyufa zimepanuka. Ukishindilia mno, mbao zikinywa maji huvimba na kuitema pamba, au hung'oa misumari. Malizia kwa kupaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, chini ya mstari wa maji. Harufu yake utaizoea.

Ikielea itavuja siku ya kwanza. Weka upo, chombo cha kukumbia maji, karibu.