Kabla ya Kumwita Kondoo Tasa

Juni imefika huku Isinya. Masika yametuaga, nyasi bado zipo ingawa ncha zimeanza kugeuka rangi, na asubuhi kuna baridi ya kumfanya mchungaji wetu ajifunge shuka mbili. Dume halijaingia kundini. Litaingia Julai mosi, lakini wanakondoo wa mwaka huu naona wanaamuliwa sasa hivi, kwa namna tunavyolisha, tunavyopapasa na tunavyongoja.

Nimeandika leo kwa sababu ya mazungumzo ambayo hayajanitoka. Mzee jirani yetu alikuwa ametenga majike manne kando ya barabara, akingojea lori la kwenda soko la Bissil. Majike ya kupendeza, meno mazima, kiwele kizuri. Nikamsalimu, nikamuuliza mbona anauza kondoo ambao bado ni wasichana.

“Hawa ni tasa, mama. Mwaka mzima wamekaa na dume na hakuna hata mmoja aliyenipa kitu.”

“Na dume ni lipi, mzee?”

“Ni lile lile la siku zote.”

Lile la siku zote nalifahamu. Mwezi wa pili lilikuwa linachechemea kwa ugonjwa wa kwato, likilala kutwa kwenye kivuli huku linahema. Mwezi wa tatu likarudi malishoni likiwa limekonda. Mimi nilimwomba mzee jambo moja tu, awape majike hao nafasi nyingine kabla ya kuwapandisha lori. Akasema atafikiri.

Linaniuma sana jambo hili. Kwenye maboma yetu, mimba isiposhika, jike ndilo linaloshtakiwa kwanza, na adhabu yake ni kisu au soko. Dume halihojiwi. Ilhali jike moja likiwa na kasoro unapoteza mwanakondoo mmoja au wawili, na dume likiwa na kasoro unapoteza mazao ya kundi zima.

Mbegu za dume huchukua wiki kama saba kutengenezwa, na kisha siku kadhaa zaidi za kukomaa kabla ya kutoka. Kwa hiyo dume litakalopanda Julai linatumia mbegu zilizoanza safari yake Mei. Likipata homa Mei, au jua kali likachemsha korodani zake, au kwato zikaoza likashinda limelala, madhara yake utayaona baadaye sana, wakati dume lenyewe linaonekana limepona, lina nguvu na linapanda kila jike linalosimama. Ndiyo maana sisi hulikagua tangu mwanzo wa Mei. Linashikwa wima, mtu mmoja akilituliza kichwa, mwingine anapiga goti nyuma na kupapasa. Korodani mbili ziwe sawa kwa ukubwa, zitembee kwa uhuru ndani ya mfuko wake, na zikibonyezwa ziwe ngumu kiasi, kama msuli wa mkono uliokunjwa. Ikiwa laini na tepetepe, au ukikuta uvimbe kule chini kwenye mkia wa korodani, hapo mwite daktari wa mifugo kabla ya kufanya lolote. Mzunguko wa mfuko kwa dume lililokomaa tunataka upite sentimita 30. Kipimo cha fundi cherehani kinatosha kwa kazi hiyo.

Idadi nayo ina mipaka. Dume lililokomaa naliachia majike 30 hadi 40 na sina wasiwasi, lakini changa halizidi 20. Na ukiweka madume mawili pamoja usifikiri umejikinga, kwa sababu mbabe anaweza kumfukuza mwenzake kila saa, na ikitokea mbabe ndiye mwenye mbegu mbovu, umefunga mlango kwa mikono yako.

Leo basi ilikuwa zamu ya majike. Nawapenda sana asubuhi hizi. Wanapita mmoja mmoja kwenye mlango mwembamba wa boma, nami naweka kiganja juu ya kiuno, nyuma kidogo ya ubavu wa mwisho. Kwa macho hujui kitu, hasa wakiwa na manyoya. Vidole ndivyo vinavyosema. Uti wa mgongo ukiwa mkali na ncha za pembeni zinachoma, huyo nampa alama moja au mbili kati ya tano. Ukiusikia uti lakini umeviringika, na ncha za pembeni huzipati mpaka ubonyeze, hiyo ni tatu, na tatu ndiyo ninayoitaka siku dume linapoingia. Jike jekundu lililonyonyesha mapacha msimu uliopita lilikuwa mbili kamili. Nilisimama naye kidogo, nikampapasa tena. Alitoa kila kitu kwa watoto wake.

Wa namna hiyo ndio tunaoanza kuwaongezea chakula wiki ijayo. Kila mmoja atapata kama gramu 300 za mahindi yaliyoparazwa kila jioni, pamoja na maganda ya oltepesi, yaani mgunga, yaliyookotwa kiangazi na kuhifadhiwa kwenye magunia. Chakula kinachopanda wiki mbili au tatu kabla ya dume huufanya mwili wa jike uachilie mayai mengi zaidi, na kikiendelea wiki nyingine tatu baadaye kinalinda mimba iliyoshika. Anayefaidi ni yule aliyekonda kiasi. Aliyenona hahitaji, tena mafuta yakizidi yanamtatiza. Kwa hiyo kundi tumeligawa mara mbili, ingawa mchungaji analalamika kwamba wanene watalia usiku kucha wakisikia harufu ya mahindi.

Kule Ulaya, kondoo wengi hungoja siku zianze kuwa fupi ndipo wapate joto la kutaka dume. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima, kwa hiyo jike la huku likiwa na afya linaweza kupata joto mwezi wowote. Kinacholifunga ni njaa. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, wengi walidhani kondoo wamepatwa na ugonjwa mpya. Miili ilikuwa imezima shughuli ya uzazi ili ibaki hai. Tumechagua Julai kwa sababu majike yametoka kula nyasi za masika, na hali ya hewa ni ya baridi kwa dume. Mimba ni miezi mitano, basi kuzaa kunaanza mwisho wa Novemba, mvua ya vuli ikiwa imeshafufua malisho na maziwa yanapatikana.

Nitasema pia neno kuhusu aina, maana nina msimamo wangu. Dorper ni kondoo mzuri. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na Blackhead Persian, na uzito wake unavutia kila mnunuzi. Lakini majike ya msingi kwangu yatabaki kuwa kondoo wekundu wa Kimaasai. Wanavumilia ile minyoo ya tumboni inayonyonya damu, na utafiti uliofanywa Diani, pwani, miaka ya 1990 ulionyesha wazi kwamba wanaishinda Dorper katika hilo. Jike lisilo na damu ya kutosha litabeba mimba kwa nguvu gani? Dawa ya minyoo tunampa sasa anayehitaji, kabla ya dume. Albendazole haiguswi tena mwezi na nusu wa kwanza wa mimba, kwani inaweza kumdhuru mtoto anapoumbwa.

Dume lenyewe limekaa kwa ndugu yangu, mbali kabisa, tangu lilipokaguliwa Mei. Majike hayalioni, hayalisikii, hayapati harufu yake. Kulifunga ngozi tumboni na kuliacha palepale kundini kunazuia mimba, lakini majike yanalizoea. Likija geni, baada ya mwezi na zaidi, harufu yake peke yake inaweza kuyaamsha mayai ndani ya siku mbili au tatu. Mara nyingi mara hiyo ya kwanza jike halionyeshi joto, kwa hiyo wiki ya kwanza ikiwa kimya hatutababaika. Ukimya huo ni wa kawaida, na kazi kubwa huja wiki ya tatu.

Mimba changa ya kondoo hukaa zaidi ya wiki mbili kabla haijaanza kujishikiza vizuri kwenye kizazi. Basi mwezi huo hakuna kuogesha, hakuna kubebwa kwenye pikipiki, hakuna mbwa wa kukimbiza. Chanjo ya homa ya Bonde la Ufa tumemaliza mapema, maana ile ya virusi hai ikichomwa kwa jike lenye mimba inaweza kuitoa. Na mimba yoyote ikitoka, tunaiokota kwa glavu na kumwita daktari. Brusela, ugonjwa unaotoa mimba, haichagui kati ya kondoo na mwenye kondoo.

Kifuani mwa dume tutapaka rangi ya manjano iliyokorogwa na mafuta, kwa kuwa nyekundu haionekani kwa kondoo wekundu. Baada ya siku 17 tunabadilisha kuwa buluu. Mwenye manjano peke yake huenda ameshika. Aliyepakwa manjano kisha buluu amerudi kwenye joto. Wakirudi mmoja wawili nitawaangalia hao wenyewe. Wakirudi wengi, ni dume litakalotoka siku hiyo hiyo na lingine kuingia.

Jioni hii mzee ametuma mjukuu wake. Majike manne hayakwenda Bissil. Anauliza kama yanaweza kuja kukaa na dume letu Julai. Nimemjibu kwamba yaje mapema, kesho kama inawezekana, yapimwe damu ya brusela yakiwa yametengwa na wetu, na wakati wa kungoja majibu nitaipapasa migongo yao.