Siku moja maishani mwangu: seli zenye sura ya kutisha

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni daktari wa patholojia, ninayetambua magonjwa kwa kuangalia tishu, na slaidi, yaani vioo vyenye vipande vyembamba vya tishu, zimeshafika mezani. Za kwanza ni za binti wa miaka 16 aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo juzi. Kifafa kimemsumbua miaka miwili. Picha ya MRI ilionyesha mfuko wa maji karibu na uso wa ubongo, ubavuni juu ya sikio, na kinundu kimeng'ang'ania ukuta wake. Jina limeshanijia, ila sitaki kulitamka kabla sijaona.

Saa 2. Naangalia kwenye hadubini. Seli ni kubwa kupita kiasi, nyingine zina viini vitatu au vinne vilivyopinda hovyo, nyingine zimejaa matone ya mafuta mpaka zinafanana na povu. Mwanafunzi wangu ananong'ona: "Daktari, hii si glioblastoma?" Anamaanisha saratani kali kabisa ya ubongo. Simlaumu. Mwaka 1979 mtafiti Kepes na wenzake ndio walioueleza uvimbe huu, zanthoastrositoma pleomofiki, wakaonyesha kwamba ukali wake haulingani na sura yake. Ni nadra mno, na huwapata zaidi watoto na vijana.

Saa 3. Kazi sasa ni kuhesabu seli zinazogawanyika. Nasogeza slaidi kidogo kidogo, eneo baada ya eneo. Katika maeneo kumi ya lenzi kubwa napata moja tu. Zingefika tano, uvimbe ungekuwa wa daraja la 3, lenye ukali zaidi ya la 2. Narudia tangu mwanzo, kwa sababu tarakimu hii itamfuata binti huyu maisha yake yote. Jibu ni lile lile: moja. Tishu iliyokufa haipo. Daraja la 2.

Saa 7 mchana. Slaidi ya kipimo cha jeni ya BRAF inatoka maabara, na seli zimegeuka kahawia: badiliko la jeni hiyo liitwalo V600E lipo, kama ilivyo kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa hawa. Nafurahi kuliona. Uvimbe ukirudi na isiwezekane kuutoa kwa kisu, dawa za dabrafenibu na trametinibu, zinazolenga badiliko hilo, zina mahali pa kushika.

Saa 9 alasiri, kikao. Daktari wa upasuaji anafungua MRI mpya: uvimbe wote umetoka. Hakuna habari kubwa kuliko hiyo, hata majibu yangu hayaifikii. Tunakubaliana asipewe mionzi kwa sasa, dawa za kifafa asiziache ghafla, na MRI zirudiwe kwa miaka.

"Wazazi niwaambie nini?" ananiuliza. Namkumbusha utafiti wa 1999 uliofuatilia wagonjwa 71: asilimia 81 walikuwa hai baada ya miaka 5, asilimia 70 baada ya miaka 10. Neno "saratani" wasiachiwe peke yake walale nalo. Wala wasiambiwe yamekwisha, maana uvimbe huu huweza kurudi, na ukirudi huenda ukaja na ukali zaidi.

Saa 11 jioni. Nasaini ripoti. Kipande kilichobaki ndani ya nta nakiandika namba na kukirudisha kwenye droo. Huenda siku moja daktari mwingine akahitaji kukilinganisha na kipya.