Mlango Niliodhani Nimeufunga

Seva ilikuwa na siku 3 tu tangu tuikodi, Ubuntu 22.04, haina hata ukurasa mmoja wa tovuti. Nilifungua /var/log/auth.log, logi inayoandika kila anayejaribu kuingia, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakuta mistari inashuka kama mvua ya masika: Failed password for root, halafu admin, halafu test, halafu oracle. Hakuna aliyetulenga sisi. Ni programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana, zikigonga poti 22, mlango wa SSH tunaoutumia kuingia kwenye seva kwa mbali, ya kila anwani zinayoikuta.

Nikaamua nywila zife usiku ule ule. Kwenye laptopu nikatengeneza jozi ya funguo kwa ssh-keygen -t ed25519, ule wa siri nikauwekea nywila yake, maana laptopu nazo huibwa. Wa umma nikaupeleka kwenye seva kwa ssh-copy-id. Kujaribu kuingia, seva ikaniomba nywila kama vile sijafanya kitu.

Folda ya .ssh ilikuwa na ruhusa 700, na authorized_keys, faili la funguo zinazokubaliwa, 600: mimi peke yangu, sawasawa. Jibu lilikuwa limejibanza katikati ya kelele za logi ile ile: Authentication refused: bad ownership or modes for directory. Siku ya kwanza tulimwingiza mwenzangu kwenye kundi langu na kuipa folda yangu ya nyumbani ruhusa 775, ili sote wawili tuandike humo. Mwenye ruhusa hiyo anaweza kuiondoa .ssh yangu na kuweka yake, kwa hiyo sshd, programu ya SSH kwenye seva, haiuamini ufunguo uliomo. Nikapiga chmod 755, niandike humo mimi tu, ufunguo ukakubali papo hapo.

Nikaingia /etc/ssh/sshd_config, faili la mipangilio ya sshd, nikaandika PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no. Nikapiga sudo sshd -t. Haikusema kitu, maana yake hakuna kosa la uandishi. Nikapiga systemctl reload ssh, dirisha la kwanza nikaliacha wazi. Hilo silifungi kamwe kabla la pili halijaingia. Ukikosea ukiwa umejifungia nje, utabaki kuomba konsoli ya mwenye seva.

Kwa bahati nilijaribu pia kama mgeni asiye na ufunguo: ssh -o PubkeyAuthentication=no. Ikaomba nywila! Nikaandika, nikaingia.

Nililisoma faili lile kama mara 10, "no" ipo palepale. Baada ya karibu saa nzima ndipo nikaiuliza sshd yenyewe inaamini nini: sudo sshd -T | grep -i passwordauth. Ikajibu yes. Juu kabisa ya sshd_config kuna mstari wa Include unaosoma kwanza mafaili ya sshd_config.d, na sshd hushika thamani ya kwanza inayoikuta. Za baadaye haizijali. Humo mlikuwa na 50-cloud-init.conf, mstari mmoja tu: PasswordAuthentication yes. Liliandikwa seva ilipozaliwa, kwa sababu tulipokodi tulichagua kuingia kwa nywila.

Nikatengeneza faili langu, 10-funguo.conf, lisomwe kabla ya hilo, nikarudia humo mistari yangu miwili na kuongeza KbdInteractiveAuthentication no, kwani PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, inaweza kuomba nywila kwa njia hiyo. Nikamalizia na ufw limit 22/tcp, amri ya ukuta wa moto inayomzuia anayegonga mara 6 ndani ya sekunde 30. Kubadili poti sikujisumbua. Kunapunguza kelele tu.

Yule mgeni wangu alipojaribu tena akapata Permission denied (publickey). Kwenye logi bado walikuwa wanagonga, ila kila jaribio sasa liliishia na [preauth], yaani kabla ya kuthibitishwa.