Waya wa riseti

Bodi ile ilikuwa na pedi tano tu pembeni, bila soketi wala maandishi. Ilikuwa imeacha kutuma vipimo vya joto, na njia pekee iliyobaki ya kuona ndani yake ilikuwa dibaga, kifaa cha kuchungulia na kuongoza chipu kutoka nje. Kaka niliyefanya naye kazi, fundi aliyenitangulia kwa miaka mingi, alitandaza mchoro wa saketi mezani akasema, “Dada, anza na graundi. Mawimbi yote yanapimwa kutokea hapo.”

Nikalehemu graundi. Ukafuata waya wa volti rejea, ambao watu wengi hudhani ni wa kulisha bodi umeme. Kwa dibaga nyingi kazi yake si hiyo: dibaga husoma volti ya bodi kupitia hapo, kisha hulinganisha mawimbi yake nayo. Maltimita ilionyesha volti 1.8. Dibaga ambayo ingesukuma 3.3 bila kuuliza ingeweza kuiumiza chipu, ndiyo maana hadi leo waya huo nauheshimu.

Zikafuata nyaya mbili: SWCLK ya mapigo ya saa na SWDIO ya data. Huo ndio uzuri wa SWD, njia ya dibaga kuongea na chipu: nyaya mbili zinatosha, pale JTAG, njia nyingine ya kazi hiyo, inapotaka zisizopungua nne. Tukaunganisha, tukaamuru. Kimya. Tukashusha kasi kutoka megahezi 4 hadi kilohezi 100, maana nyaya ndefu huharibu mawimbi ya kasi. Kimya vilevile.

Kaka akaleta osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Saa ilikuwa safi kabisa, lakini SWDIO ilikuwa imeshikiliwa juu, ikibonyea kidogo kila dibaga ilipojaribu kuivuta chini. SWDIO hupitisha data pande zote mbili kwa zamu, na hapa upande wa pili ulikuwa haupishi. Tulipofungua msimbo wa programu tukaona sababu: aliyeiandika alipungukiwa na pini, akaigeuza SWDIO iwashe taa ya kiashirio. Kila bodi ilipopata umeme, mlango ulikuwa wazi kwa muda mfupi mno, kisha programu inaufunga.

Hapo ndipo waya wa riseti, ule wa kuianzisha chipu upya, ulipopata kazi. Pedi yake haikuwepo, kwa hiyo nililehemu waya mwembamba kwenye mguu wa kapasita ya riseti, mkono ukiegemea meza usitikisike. Nia ilikuwa kuishikilia chipu katika riseti, ambapo programu haiendeshwi lakini sehemu ya utatuzi, kwa chipu ile, hubaki macho. Kisha tungeagiza kiini, sehemu ya chipu inayotekeleza programu, kisimame kwenye agizo la kwanza mara riseti inapoachiwa.

Ikatokea namba 0x2BA01477 kwenye skrini. Ndiyo kitambulisho cha mlango wa SWD tulichokitarajia kwa kiini cha aina ya Cortex-M4. Kaka alipiga meza kwa kiganja, nami nikacheka kwa furaha tupu. Bado napenda kuiona namba ile. Inathibitisha kwamba waya, volti na saa vyote vimekubaliana.

Tulipakia programu upya, bila ile taa. Pedi ya tano ilikuwa SWO, njia ambayo chipu huitumia kutoa ujumbe bila kusimamishwa. Mwanzoni ilitoa takataka. Kasi ya SWO hugawanywa kutoka saa ya kiini, na programu ilikuwa ikipandisha saa hiyo kutoka megahezi 16 hadi 64 baada ya kuwaka, ilhali dibaga ilikuwa imeambiwa 16. Tukaiambia 64, na maneno yakaanza kusomeka.

Mstari wa mwisho kabla ya kukwama ulisema programu inasubiri jibu la kihisi kwenye I2C, nyaya mbili ambazo chipu na kihisi huongea kupitia kwazo. Kaka alikuwa tayari ameshahamishia probu ya osiloskopu kwenye SDA, waya wa data wa I2C. Ulikuwa chini, na haupandi.