Ubongo wa agari, wiki ya sita: rangi imefuata uzi

Jeli ya jana usiku imeganda vizuri. Gramu 3 za unga wa agari, ule wa mwani unaogandisha maji, kwa nusu lita ya maji, yaani asilimia 0.6, kiwango ambacho watafiti hukitumia kuigiza ubongo wanapojaribu namna ya kudunga dawa. Ukigusa bakuli inatetemeka yote.

Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: nataka kuelewa kwa mikono yangu jinsi saratani ya ubongo, hasa glioblastoma, inavyosambaa. Mama mdogo alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, na miezi michache baadaye ukarudi kando ya palepale. Tangu siku ile najiuliza zile seli zilipita wapi. Mwaka 1928 daktari Walter Dandy wa Marekani alieleza alivyowaondolea wagonjwa wa glioma (kundi la uvimbe wa ubongo ambamo glioblastoma imo) nusu nzima ya kulia ya ubongo. Hata hivyo ugonjwa uliwarudia.

Seli haitembei mpaka ishike kitu ijivute, kama mkwezi na mnazi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliziweka seli za glioma juu ya jeli za ugumu mbalimbali, kuanzia paskali (kipimo cha ugumu) 80 hadi zaidi ya 100,000. Kwenye ngumu zilitanuka zikatembea. Kwenye zile laini kama ubongo zilijiviringa, zikashindwa kwenda. Sasa ubongo wenyewe ni laini hivyo, zinapitaje? Hufuata vya kushika: kuta za mishipa ya damu na mafungu ya nyuzi za neva, likiwemo lile daraja kati ya nusu mbili za ubongo. Nilipolisoma hilo ndipo habari ya Dandy iliponiingia: huenda seli zilikuwa zimeshavuka upande wa pili.

Kwa hiyo safari hii, kabla jeli haijaganda, nililaza ndani yake nyuzi za pamba. Leo nimedunga rangi nyekundu ya chakula. Mara tatu ilipanda juu ikiifuata sindano, ikamwagika. Ya nne nilisukuma tone kwa tone, dakika kumi nzima, mkono ukafa ganzi. Pasipo na uzi rangi ilibaki kibonge chenye kingo za ukungu. Penye uzi ilichomoza mkia mwembamba, mwekundu sana, ukasonga kama sentimita 4 huku nautazama. Nilimkumbuka mama mdogo, nikaliacha bakuli mezani kwa muda.

Lakini rangi haijivuti. Seli ina miosini, protini ya jamii moja na ile inayokaza misuli, na kwenye upenyo mwembamba huitumia kukipenyeza kiini chake, ambacho ndicho kigumu kuliko sehemu zake nyingine. Jeli yangu inaonyesha njia tu, nguvu haimo. Tena pamba hunyonya maji, kwa hiyo huenda mkia ule ni kazi ya pamba kunyonya. Kesho naweka uzi wa nailoni sambamba na wa pamba, bakuli lilelile, sindano ileile.