Niko sawa, namshukuru Mungu

Jana kijana wangu aliniona nikiokota krayoni kwa vidole vya mguu, akauliza, "Daddy, kwani mikono yako haifiki chini?" Nikacheka. Kuna siku ilikaribia kufika, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

Mgongo niliuachia jeshini huku Marekani, kwa malori. Nakumbuka siku ya kupimwa ili VA, idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu, waamue fidia yangu ya ulemavu. Chumba kidogo hapa Texas, AC inapuliza mpaka meno yanagongana. Daktari, mama mmoja mpole, akaniuliza naendeleaje leo na mimi kama Mkenya aliyelelewa vizuri nikajibu niko sawa, namshukuru Mungu. Akaandika. Akaniambia niiname mpaka pale naweza. Sasa wewe mwambie mwanajeshi hivyo halafu ushike kifaa cha kupimia uone. Nikashuka. Moto ukatoka kiunoni ukateremka mpaka kisigino cha kushoto, nikauma meno, vidole vikabakisha kidogo tu viguse viatu, na yeye ameniwekea karula kake ka plastiki ubavuni anasoma pembe, anasema "vizuri sana". Vizuri sana! Nikainuka natabasamu na jasho linanitoka kwa hiyo baridi yote.

Barua ikakuja, ulemavu asilimia 10. Eti nikiinama nilifika digrii 80, na kwa sheria yao ukipita digrii 60 na usizidi 85 ni asilimia 10, ukikwama kati ya 30 na 60 ni 20, usipopita 30 ni 40. Na kwa ripoti, salamu yangu imeandikwa kama ushahidi: anasema yuko sawa.

Rufaa unapewa mwaka mmoja, na tangu 2019 njia ni tatu, nikachukua ile ya kupeleka ushahidi mpya. Jamaa tuliyekuwa naye lori moja akaandika, daktari wangu akaandika, miezi ikaenda, nikapimwa tena na hii mara nikasimama pale maumivu yalianzia. Digrii 50. Wakapandisha mpaka 20, haya, asante.

Lakini mama watoto naye aliandika, kurasa mbili. Kwamba usiku nashuka kulala sakafuni nikidhani ameshalala. Kwamba soksi zangu huwa anaziweka juu ya kabati ndio nisiiname, na mimi miaka yote nilidhani ni vile tu anapenda kupanga nguo. Nikaisoma nikiwa kwa gari, nikaiskani, nikatuma. Hatujawahi kuiongelea.

Leo asubuhi soksi zilikuwa pale pale juu.